Rangi Chini ya Bolti

Kila asubuhi fundi umeme wa magari anayeitwa Nyoosha hutundika shati lake kwenye msumari wa pili. Msumari wa kwanza, ulio karibu na mlango wa ofisi, ni wa fundi mkuu. Fundi mkuu ni shemeji yake.

Jina hilo alipewa kwa sababu waya zake hazipindi. Hulala sambamba kama nywele zilizosukwa. Shemeji, mdogo wa mkewe, huitwa Kobe kwa uzito wa mikono. Alifika gerejini hajui hata fyuzi ni nini. Nyoosha ndiye aliyemfundisha.

Kijicho kilianzia nyumbani, wakati wa kula.

"Mdogo wangu kamfungia mwenye lori taa, zinawaka kama mchana," mkewe alisema akipakua.

"Zangu zinawaka kama vibatari?"

"Sijasema hivyo, baba watoto."

"Umemaanisha." Akasukuma sahani.

Kisha mwenye gereji, mwanamke mtu mzima ambaye wote humwita Mama, alisema macho yake yamechoka na anataka mtu wa kumwachia funguo. Idara ya maji ilikuwa imeleta pikapu mbili mpya zifungwe taa za kazi, taa ya kuzunguka juu ya kibanda cha dereva, na pampu ya kunyonya maji mashimoni. Mama akampa kila fundi pikapu moja. Atakayefanya kazi isiyo na doa, ndiye fundi mkuu.

Nyoosha hakuweza kuacha kuchungulia. Alimwona Kobe kachuchumaa kwenye chesi, fremu ya chuma inayobeba gari, anasugua kwa msasa mahali pa kufunga ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari. Alisugua mpaka chuma kikang'aa.

"Shemeji, gari jipya la watu unalikwaruza?" Nyoosha alimtania, mafundi wasikie.

"Si ulinifundisha wewe, kaka? Umeme haupiti kwenye rangi."

Mafundi walicheka, na kicheko hakikumwendea Kobe. Tangu hapo Nyoosha hakutaka kufanya lolote ambalo Kobe amelifanya, hata kama lilikuwa lake mwenyewe. Aliacha rangi ilivyo, akakusanya ethi zote kwenye bolti moja juu ya rangi hiyo, kisha akaipaka bolti rangi ya gari ili isionekane. Kwa macho, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Siku ya kukagua, mkewe alikuja na chai ya mafundi. Kobe aliwasha vyote kwa pamoja. Pikapu yake ikanguruma na kumulika ukuta. Nyoosha akawasha taa: zikawaka. Akawasha pampu. Taa zikawa njano, ile ya kuzunguka ikasimama, na pampu ikakoroma kama mzee usingizini.

"Umezima au umewasha?" fundi wa matairi aliuliza.

Nyoosha aligeuka, akamnyooshea Kobe kidole. "Huyu kagusa waya zangu! Kikulacho ki nguoni mwako!"

Kobe alichukua kipande cha waya, akagusisha ncha moja kwenye ethi ya Nyoosha na nyingine kwenye hasi ya betri. Taa zikalipuka kwa mwanga, pampu ikapata sauti. Akautoa waya, taa zikafifia tena. Mama akafungua bolti, akakwangua kwa ukucha chini yake. Rangi, nzima.

"Hii ningekupa msasa ukarekebisha," alisema. "Lakini fundi mkuu anayemshika mtu uchawi kabla hajafungua bolti yake, nitamwachiaje watu?"

Funguo zikaenda kwa Kobe. Mke wa Nyoosha alikusanya vikombe bila kumtazama yeyote.

Nyoosha hajahama. Anasema gereji nyingine ziko mbali. Mafundi wanasema anataka awepo siku Kobe atakapokosea. Siku hizi anasugua chuma mpaka kinakuwa kioo, akimaliza anatazama kama Kobe ameona. Mteja akimsifu fundi mkuu, yeye hutoa kichwa chini ya gari na kusema, "Huyo nimemfundisha mimi."

Ni kweli. Kobe mwenyewe huitikia kwa sauti kutoka ofisini, "Kweli kabisa, ni mwalimu wangu," na hapo ndipo Nyoosha hurudisha kichwa chini ya gari, kakunja uso.