Mafuta Kwenye Breki ya Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa alikuwa dresa wa misheni wakati wa Mwingereza. Kazi yake ilikuwa kusafisha vidonda na kuchoma sindano za buba. Kila Alhamisi alitoka Tabora mjini kwenda vijiji vya upande wa Goweko, ambako watu walimngoja na watoto wao waliojaa madonda. Barabara aliyopita ilifuata njia ya zamani ya misafara. Babu yetu aliipita kwa miguu, akiwa mpagazi, pembe ya ndovu begani hadi pwani. Kaka aliipita na mkoba wa dawa, juu ya pikipiki kuukuu ambayo padri mmoja aliiacha alipoitwa kurudi kwao Ulaya.

Pikipiki ile haikuwa na mnyororo. Gurudumu la nyuma lilizungushwa na shafti ya chuma, na shafti hiyo iliishia kwenye kikasha cha giya kilichotiwa oili, ubavuni mwa gurudumu, palepale ilipo breki. Mimi ndiye niliyeitunza. Nilikuwa nimerudi kutoka vitani Burma, ambako jeshi lilinifundisha ufundi, nikapata kazi kwenye gereji ya mzee mmoja wa Kihindi pale mjini.

Mwaka ule, Pasaka ilipokaribia, nilitaka kumfurahisha kaka. Niliisugua pikipiki kwa msasa hadi kutu yote ikaisha, kisha nikaipaka rangi nyeusi mara mbili, kuanzia tangi hadi kile kikasha cha nyuma. Kaka alipoiona aliizunguka polepole akicheka.

"Mdogo wangu, huko vijijini watadhani amekuja bwana shauri wa serikali," alisema.

Haikupita muda akarudi kutoka safari moja na kuniambia gurudumu la nyuma linalowa mafuta. Nilifungua, nikakuta sili imechakaa, ile pete inayozuia oili isitoke pembeni mwa shafti. Vipuri vya pikipiki ile havikuwapo Tabora wala Dar es Salaam. Nikakata sili nyingine kwa ngozi ya ng'ombe, nikailoweka kwenye oili siku mbili hadi ikalainika, nikaifunga. Nikasafisha breki kwa petroli. Kisha nikaipanda pikipiki hadi Ipuli na kurudi. Nilipopapasa gurudumu lilikuwa kavu.

Alhamisi iliyofuata kaka alirudi na mafuta yaleyale. Nilikasirika, maana nilikuwa fundi wa kusifiwa na sikupenda kazi yangu irudishwe. Nikakata ngozi nene zaidi. Nikaijaribu tena, Ipuli na kurudi. Kavu.

"Safari hii imepona?" kaka aliniuliza.

"Imepona, kaka. Nenda tu."

Aliniamini. Asubuhi ya Alhamisi alifunga mkoba wake nyuma ya kiti akaondoka.

Yaliyompata niliyasikia kwa watu waliomwokota. Kabla ya kufika Goweko barabara inateremka hadi kwenye kijito, na siku hiyo wanawake walikuwa wanavuka na mitungi yao. Kaka alikanyaga breki ya nyuma, haikushika. Akakanyaga tena. Alipoona atawavaa wale wanawake, alikata kona akajitupa korongoni kwenye mawe. Hakuna aliyeguswa ila yeye. Paja la kulia lilivunjika mara mbili. Walimlaza juu ya kitanda cha kamba wakambeba hadi stesheni ya Goweko, akaletwa Tabora kwa treni. Pikipiki nayo ililetwa, ndani ya behewa la mizigo.

Niliipokea stesheni, nikaisukuma hadi gereji. Breki ya nyuma ilikuwa imejaa oili kama kikaango. Nilikaa chini mbele yake, sikujua nianzie wapi. Mzee mwenye gereji alikuja akachuchumaa kando yangu.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Uliijaribu mpaka wapi?"

Nikamwambia. Alitikisa kichwa.

"Ipuli ni karibu, haipati hata kuchemka. Goweko ni mbali. Kikasha hiki kikichemka, hewa ya ndani inapanuka, lazima itoke mahali. Tundu lake la kupumulia liko wapi?"

Nilikitazama kikasha, sikuliona. Alivua miwani, akapitisha kidole juu ya kikasha, taratibu, mpaka kidole kikasimama juu ya kinundu kidogo. Akachukua waya mwembamba akausukuma hapo. Ukagoma. Akaukandamiza, na ganda la rangi nyeusi likabanduka. Chini yake palikuwa na tundu dogo kama la sindano.

Tulilitazama sote wawili. Hewa ilikuwa imekosa pa kutokea, ikaisukuma oili ipite kwenye sili, na hakuna ngozi ambayo ingeizuia.

"Rangi hii alipaka nani?" aliuliza.

"Mimi."

Alivaa miwani yake. Hakunitukana, na ningependa anitukane.

"Kamwambie mwenyewe," alisema. "Kwangu habari hii haitatoka."

Hospitali walikuwa wameuning'iniza mguu wa kaka kwa kamba na mifuko ya mchanga. Nilisimama pembeni ya kitanda nikamweleza yote: rangi, tundu, zile sili mbili. Nilipomaliza akauliza, "Ulipoijaribu, ulifika wapi?"

"Ipuli."

"Ipuli tu?"

"Ipuli tu, kaka."

Aligeuza uso ukutani. "Nenda nyumbani," alisema.

Siku tatu sikuthubutu kurudi. Nilikuwa gereji, nikiifanyia kazi pikipiki ile. Nilizibua tundu, nikasafisha kikasha, nikafunga sili mpya ya ngozi, nikanyoosha uma wa mbele uliopinda. Kisha nikaipanda hadi Goweko na kurudi, kwenye jua kali. Kila niliposimama nilipapasa gurudumu, na kila mara vidole vilitoka na vumbi tu. Haikunipa furaha yoyote.

Siku ya nne kaka mwenyewe aliniita kwa kumtuma mkewe. Nilimkuta ameinuliwa kidogo juu ya mto.

"Wale watu wa sindano," alisema, "nani anakwenda?"

"Hakuna, kaka. Misheni haina mtu mwingine."

"Wakikatiza sindano, madonda yanarudi." Akautazama mguu wake. "Mguu huu hautaendesha pikipiki tena, nimeshaambiwa. Nikitoka humu, utanipeleka wewe."

Alitoka baada ya miezi mitatu, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na mkongojo chini ya kwapa. Mzee wa gereji aliniachia Alhamisi zote bila kuuliza. Nikampandisha kaka nyuma yangu, mkoba kati yetu, mkongojo tumeufunga ubavuni.

Tulipofika kwenye ule mteremko aliniambia, "Simama."

Nilisimama. Alishuka, akateremka kwa mkongojo wake, hatua kwa hatua, jasho likimtoka. Mimi niliiteremsha pikipiki nyuma yake, injini imezimwa. Sikumwambia kwamba breki ni nzima. Nilikuwa nimeshamwambia hivyo mara moja. Hadi tulipoacha safari zile, miaka kadhaa baadaye, hakuwahi kuuteremka mteremko ule akiwa juu ya pikipiki.

Wala hakuwahi kunitamkia kwamba amenisamehe. Nilingoja neno hilo muda mrefu, kisha nikaacha kulingoja. Siku ile ya kwanza, tulipofika kijijini, watu walimzunguka kwa vigelegele na machozi, wakamshika mikono. Mwenyeji wa nyumba tuliyofikia alinitazama, akamuuliza kaka, "Na huyu uliyekuja naye?"

Niliinamisha kichwa.

"Mdogo wangu, tumbo moja," kaka alisema. "Ndiye fundi wangu." Kisha akanigeukia. "Washa moto uchemshe sindano. Watu wamengoja sana."

Nilikwenda kutafuta kuni.