Mwanya Niliokata kwenye Fremu

Siku moja ya mwaka 2013 haijanitoka, mwanangu, na nimechoka kukaa nayo peke yangu. Jana ulinipigia kutoka chuoni ukilalamika kuwa hesabu za mabomba ya bati jembamba zinakuchosha, huoni zina kazi gani kwa mtu anayetaka kutengeneza ndege. Basi nisikilize mjomba wako, niliyeishia darasa la saba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, hapa hapa Mabamba, kichwa kimejaa ndege. Nilikuwa nimeziona mara mbili tu, zikitua Kasulu. Nikasikia nyaya zake zote hupita ndani, hazionekani. Nami nikachukua baiskeli yetu, nikalikata bomba la chini la fremu kwa msumeno wa chuma, mwanya wa kufuata urefu wake, shubiri nzima na zaidi, ili waya wa taa upite ndani. Mwanya nikaupaka rangi nyeusi. Mama yako akacheka, akaniita rubani.

Wiki iliyofuata nilimpakia yeye na nusu gunia la maharage, tukaenda sokoni Kibondo. Kwenye mteremko fremu ilijisokota, ikakatika. Mama yako akaangukia mkono wa kulia. Ndiyo maana unamwona anasonga ugali kwa kushoto.

"Ni mimi," alisema pale chini, ameuma meno. "Nilikaa upande mmoja. Nimekuvunjia baiskeli, mdogo wangu."

Nikainama, nikaanza kuokota maharage yaliyomwagika.

Siku ya tatu, yeye bado kalazwa, niliipeleka fremu kwa Fundi Salehe, mchomeleaji wa Kibondo, mtu wa Tanga aliyefanya kazi ujanani kwenye karakana ya ndege. Aliutazama ule mwanya, asinigombeze. Akachana karatasi ya daftari, akaikunja bomba, akaibandika kwa gundi ya viraka, akaiacha ikauke.

"Sokota."

Ikakaza, ikagoma kusokoteka. Akaipasua kwa wembe toka juu hadi chini.

"Sokota tena."

Ikalegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

"Karatasi ni ile ile, sijapunguza kitu," alisema. "Bomba la bati jembamba lina nguvu kwa kushikana mzunguko mzima. Ukilipasua, linashika wapi? Mwili wa ndege ni hivyo hivyo. Kule, kabla ya kukata tundu mhandisi anapiga hesabu, na tukishakata tunazungushia ukingo mnene."

"Sikujua, fundi."

"Hilo naliona. Dada yako anajua nani alikata?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi siigusi mpaka ajue. Nenda hospitali."

Nilikwenda, nikamwambia yote. Aliutazama mkono wake uliofungwa plasta.

"Siku tatu najilaumu, rubani," alisema. "Siku tatu, na wewe unaniletea uji." Akageukia ukutani. Alinisamehe baadaye, lakini mgongo ule bado nauona.

Kwa hiyo, mwanangu, zipige hesabu hizo hata ukiwa hoi. Kabla hujakata popote, jua pale pamebeba nini, na nani amekaa juu yake. Na siku utakayokosea, maana utakosea tu, sema mapema, kabla aliyeumia hajaanza kujilaumu.

Mungu akupe mkono makini na ulimi usiochelewa. Abiria wako washuke wazima wote, waende zao nyumbani, wasijue hata kama uliwahi kuwepo.