Kabla Hujauachia Mtungi wa Zamani

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nashika kiuno. Nacheka, halafu nakasirika upya. Usiseme mama mdogo ana umri gani wa kuniusia. Mvi sina, lakini macho yangu yamekula moshi wa kutosha. Na jana unanipigia simu kutoka Mkwajuni kwamba umepata mtu wa kukubadilishia mtungi wa gesi kwa bei ya kutupa. Jamani! Kaa chini unisikilize.

Wakati huo nilikuwa bado kwa bibi yako, hapa Chapwa, na wageni wa posa yangu walikuwa wanakuja Jumamosi. Bibi yako alinikabidhi jiko na pesa ya kujazia gesi. Mimi nami, akili imejaa ndoto za mapazia ya sebule yangu, nikaona nibane matumizi. Binamu yetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa anauza gesi rahisi kuliko huku. Akaja na bodaboda, akachukua mtungi wetu mtupu, akaniachia wake uliojaa.

"Kichwa cha mpira wetu wa gesi kitaingia kwenye mtungi wako?" nilimuuliza.

"Sista, vyote vinaingia. Kwani gesi ina kabila?"

Nikacheka. Nilicheka, mwanangu! Nikakimbilia sokoni kuulizia mapazia.

Jumamosi asubuhi, maharage yamo sufuriani, kuku ameshachinjwa, nachukua kile kichwa cha kuunganishia mpira na mtungi: hakiingii. Kinacheza juu yake kama kofia ya babu kwenye kichwa cha mtoto. Nikaukumbatia mtungi hadi duka la gesi. Muuzaji akautazama, akanitazama na mimi. "Dada, huu si wetu, wala si wa hapa mjini. Kichwa chake hatuna, kuujaza hatujazi, kuubadilisha hatubadilishi."

Nikampigia binamu anirudishie wetu. "Awe, sista," akanikatalia kwa Kibemba cha sokoni, "ule nimeshauuza." Hebu fikiria!

Nikaazima jiko la umeme la jirani. Uniti za luku zikaisha maharage bado yanagonga sufuria kama kokoto. Nikahamia kwenye mkaa, nao ulikuwa umenyeshewa. Wageni walipopiga hodi, mimi nabubujikwa na machozi uani, na mtungi uliojaa gesi umekaa kando yangu kimya, kama mgeni asiyesalimia watu. Niliwaza jambo moja tu: watarudi kwao waseme binti hajui hata kuwasha jiko, na posa iishie hapo.

Shangazi wa mchumba wangu ndiye aliyeufuata moshi. "Mwali," akasema, "unatupikia au unafukuza nyuki?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mama alikaza kitenge, akapiga magoti, akaanza kupuliza. Nilipomweleza yaliyonikuta alicheka hadi akakohoa. Chakula cha mchana tulikila jioni. Posa ilipita, ila kwa huruma ya mama mmoja, si kwa akili zangu.

Bibi yako alisubiri wageni waondoke. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Uliuliza bei ya kuingia," akasema. "Njia ya kutokea uliiuliza? Usiache mbachao kwa msala upitao."

Sasa wewe tena, mwanangu! Sikukatazi kutafuta nafuu. Nani hapendi nafuu? Hama kampuni ukitaka, iwe ya gesi, iwe ya hao wanaopita wakifunga umeme wa jua. Ila kwanza uliza: mtungi ukiisha nitaujazia wapi, na ukinishinda nani ataupokea? Funga kichwa cha mpira wako kwenye mtungi wao, washa, chemsha chai, uinywe. Chai ikishashuka kooni ndipo uuachie wa zamani. Na anayekwambia vyote vinaingia, mwambie akuingizie mbele ya macho yako.

Mtungi ule ninao mpaka leo, na haujawahi kuchemsha hata kikombe cha maji. Baba yako mdogo huwaambia watu kwamba ndiyo mahari aliyolipwa yeye.

Haya, mwanangu. Mungu akujalie jiko lisilokuaibisha mbele ya wageni. Na siku likikuaibisha, akuletee shangazi wa kupuliza.