Sahani ya Kamongo

Harufu ya kamongo akichemka haifanani na ya samaki mwingine yeyote wa ziwa letu. Ni nzito, ina mafuta na tope ndani yake, na ikishaingia kwenye pazia huhamia humo. Kule Kirumba, Mwanza, nyumba yetu na ya Mama Atieno zilitenganishwa na jiwe moja kubwa tu, na kila jirani yetu huyo alipopika kamongo, Bibi alifunga madirisha yote ya upande ule. Hakufanya hivyo kwa dharau. Kamongo alikuwa mwiko wa ukoo wa Babu. Kwa msomaji ambaye kwao hakuna jambo hili, nieleze taratibu: kwetu sisi tuliotoka Kagera, kila ukoo una kiumbe ambacho haukili, na mtoto huurithi mwiko huo kwa baba yake pamoja na jina. Watu wawili wakikutana ugenini wakagundua kuwa mwiko wao ni mmoja, huanza kuitana ndugu hata kabla hawajaulizana majina vizuri.

Likizo ile nilikuwa na miaka kumi. Mwanamume mmoja alivuka kwa kivuko kutoka upande wa Sengerema, akafika mlangoni kwetu na mfuko wa viazi vitamu na daftari lililopinda kwa jasho la kwapani. Alisema anaitwa Deusi, mwana wa Damiani. Babu aliposikia jina hilo alikaa chini. Damiani alikuwa mdogo wake wa pekee. Mama yao alipofariki, Damiani alikuwa bado ananyonya, na wajomba wakamchukua wakavuka naye ili wamlee. Barua zilikwenda, kisha zikakatika, na Babu akazeeka akimuulizia kwa kila mtu aliyetoka ng'ambo. Sasa Deusi alisema baba yake anaumwa sana, naye ametumwa amchukue Babu wakaonane kabla hajafumba macho.

“Damu ni nzito kuliko maji,” Babu alisema, macho yakiwa yamelowa.

“Hata mchuzi ni mzito,” Bibi akamjibu.

Kilichomtia Bibi shaka kilikuwa lile daftari. Deusi aliuliza babu wa Babu aliitwa nani, alioa wake wangapi, na kila jibu aliliandika. Siku ya pili akauliza makaburi ya wazee yako upande gani wa kibanja, yaani shamba letu la migomba kule Kagera. Bibi aliniita jikoni akaninong'oneza, “Mtu anayeulizia makaburi anatafuta mpaka wa shamba. Mwangalie huyo, mama, usimwachie hata kivuli.” Nikawa mpelelezi. Niliripoti kwamba analala na daftari chini ya mto. Niliripoti kwamba amesimama mbele ya picha ya baba yake Babu, pale ukutani, huku akijishika masikio. Ukishamshuku mtu, hata kikohozi chake huwa ushahidi, nami nilikusanya vikohozi vyake vyote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi alisema sisi siku ya tatu tutampa kamongo. Chungu chetu hakikuweza kutiwa najisi, kwa hiyo alimwomba Mama Atieno apike kwake na kupakua kwenye sahani yake mwenyewe. Mama Atieno alicheka mpaka akashika kiuno. “Nyie watu! Mnamtega binadamu kwa samaki kama mnatega panya?” Lakini alipika. Mchana ule sisi tulikuwa na sato, na mbele ya mgeni ikawekwa ile sahani peke yake. Deusi alimega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Akasita. Alimtazama Babu, akanitazama mimi, kisha akala taratibu mpaka sahani ikawa nyeupe. “Asante, mama mkubwa,” akasema. “Nimeshiba.” Babu alinawa mikono bila kumaliza chakula chake. Sijawahi kuona uso ukifungwa namna ile.

Asubuhi Deusi aliambiwa kwamba kivuko hakimsubiri mtu. Alipiga goti, “Shikamoo, baba mkubwa.” Babu aliangalia ziwa. Ile marahaba haikuja. Mimi nilimsindikiza mpaka kwenye lile jiwe, na kwa fahari ya mtoto aliyemkamata mwizi nikamwambia, “Jana ulikula kamongo. Ukoo wetu hatumli.” Kisha akatoa daftari, akaliegemeza kwenye jiwe, akaandika. “Asante, mwanangu,” akasema, akashuka zake. Nilikimbia nyumbani kutoa taarifa: anajifunza uongo wa kupeleka nyumba nyingine!

Babu hakuvuka. Alifariki miaka kadhaa baadaye, na hadi siku hiyo kila alipotajiwa Damiani alijibu kwamba alishakufa zamani. Mimi nilianza kuandika nasaba yetu ukubwani, nikiwa na wanangu wanaoniuliza maswali yaleyale ya Deusi. Nilikwenda parokia ya kijijini kwetu, na karani akanifungulia kitabu cha ubatizo. Pembeni mwa jina la Damiani paliandikwa kwamba kipaimara na ndoa alivipokea kwenye parokia moja ya Sengerema. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini: Damiani alikulia na kuoa kulekule ng'ambo. Tulijua sote kwamba alichukuliwa akiwa ananyonya. Nani angemfundisha mwiko mtoto ambaye hata meno hajaota? Na asiyefundishwa angemfundishaje mwanawe? Tulimpima mtu kwa somo ambalo sisi wenyewe hatukumpa.

Mwaka huu nimekwenda, baada ya parokia ile ya Sengerema kunielekeza kwa simu nyumbani kwa kina Damiani. Nilipita Usagara nikavuka daraja jipya la Busisi kwa dakika chache tu. Nilichungulia maji na kuwaza kwamba Babu angehitaji nusu siku tu, nasi tukaifanya miaka thelathini. Uani nilipokewa na binti aliyekataa kuniambia jina lake. “Kama umekuja kwa habari za shamba, mzee amepumzika.” Nilimwelewa kabisa, ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Hata hivyo aliniandalia chakula, kwa kuwa mgeni ni mgeni, nami nikajikuta nikinusa mchuzi kabla ya kuugusa. Alinifumania. “Kula, dada, ni sangara. Kamongo haliwi hapa. Mzee alitoka na mwiko huo Mwanza kwenye daftari, akatukataza sote.”

Nawe unayetafuta nduguyo, tafuta bila kukata tamaa, na usiogope vitabu wala simu. Siku hizi jina moja hufika mbali kwa saa moja. Ila ukimpata, ule muda wa kumpima utumie kumfundisha.

Mzee Deusi alitoka akishika ukuta, masikio yake yakiwa yaleyale ya pale kwenye picha. Nilipiga goti nikamwamkia, kisha nikasubiri. Alinichunguza kama mtu anayesoma mwandiko wa zamani.

“Wewe ndiye wa kwenye jiwe,” alisema. “Marahaba, mwanangu. Toa daftari lako. Tuanze na baba yangu.”