Jiwe la kilo tano la Mama Haki

Saa moja asubuhi, gulio linaanza kuchangamka. Wenye magunia wanashusha, wenye kuku wanawafunga miguu, na karibu na lango mwanamke mmoja mnene wa mwili, mwepesi wa maneno, anatundika mizani yake ya sahani mbili. Mawe ya chuma ya kupimia ameyapanga juu ya gunia. La kilo tano halipo. Mahali pake pana pakiti tano za sukari za kilo moja moja, zimefungwa kama zilivyotoka kiwandani.

"Leo napima kwa sukari," anamwambia mteja wa kwanza. "Usicheke, mwanangu. Mwenzio nimelia."

Wanamwita Mama Haki, na jina hilo hakujipa. Kwa miaka kumi na moja, kila siku ya gulio, anayeshuku kwamba amepunjwa huleta mzigo wake hapa. Anatoa sarafu, Mama Haki anapima, ubishi unaisha. Siku nzuri anarudi nyumbani na hela ya unga, sabuni na mafuta. Siku mbaya anaambulia nauli. Ni mjane, na watoto wake watatu wamesoma kwa sarafu hizo hizo.

"Sijawahi kula hongo," anasema. "Hata mdogo wangu wa tumbo moja nilimuumbua hapa hapa kwa kupunja mchele. Alininunia mwaka mzima!"

Ni kweli, na uaminifu wake huo ndio unaofanya habari hii itishe.

Mwaka juzi kishikio cha jiwe la kilo tano kilikatika. Shemeji yake, fundi wa kuchomelea, akamwekea kingine bure bilashi.

"Akaniambia, 'Shemeji, nimekutilia nondo nene, hii haikatiki mpaka kiyama.' Nikafurahi, nikamwombea dua," anakumbuka. "Haikunijia hata kidogo kwamba nondo nayo ina uzito wake!"

Mtu unaweza kushika kichwa. Mama huyu anaishi kwa kupima uzito, na uzito ulioongezwa mbele ya macho yake hakuuona. Tangu siku hiyo jiwe lake la kilo tano lilizidi kilo tano, na aliyepima sawasawa akaonekana mwizi.

Wa kwanza kuangukiwa alikuwa muuza vitunguu, mwanamume mpole aliyeuza katika gulio hilo tangu ujana wake. Mteja alileta kilo tano alizonunua kwake. Sahani yenye jiwe ikabaki chini. Muuzaji akaitwa.

"Akasema, 'Mama, haki ya Mungu nimepima sawa. Hebu pima tena.' Nikapima tena, kwa jiwe lile lile," anasimulia. "Nikamjibu, mizani haina ndugu."

Watu hawakungoja zaidi. Vitunguu vikamwagwa na kukanyagwa, mwenyewe akazomewa mpaka barabarani. Hakurudi tena. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu alinyongwa, na haki yake hakupewa. Wauzaji waliobaki waliingiwa na hofu, wakawa wanaongeza konzi juu ya kila kipimo. Gulio likasifiwa kwa kujaza vipimo, na sifa zote zikamwendea Mama Haki.

Mambo yalifumuka mwezi uliopita, tena kwa utani. Dada anayeuza chai jirani yake alinunua pakiti tano za sukari, akazileta akicheka: "Mama Haki, hebu nipimie na hawa wa kiwandani, wasije nao wakawa wezi."

Zikawekwa. Sahani ya sukari ikabaki juu. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mama Haki akaazima dukani pakiti tano za chumvi za kilo moja moja. Nazo zikabaki juu. Akalitazama jiwe, akakishika kile kishikio cha nondo, akakaa vumbini.

"Niliona giza. Nikamwona yule baba wa vitunguu amesimama mbele yangu. Dada wa chai ananipepea kwa mfuniko wa sufuria, anadhani ni presha."

Angeweza kunyamaza, shemeji akakata nondo, yakaisha. Badala yake alipanda juu ya kreti, akalieleza gulio zima.

Hapo akapata mshtuko mwingine. Watu walimpigia makofi. "Yaliyopita si ndwele, Mama!" walisema. "Ajali kazini hiyo!" Waliokanyaga vitunguu walikuwa mstari wa mbele kumpa pole.

"Mimi walinisamehe kabla sijamaliza kusema. Yeye aliomba apimiwe vizuri tu, wakamzomea. Ni watu wale wale!" anasema, macho yamemtoka. "Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na jiwe."

Aliuliza huku na kule mpaka akaambiwa kwamba yule muuza vitunguu anabeba mizigo katika soko kubwa la mji wa pili. Juzi akamkuta na gunia mgongoni. Akampigia magoti, mama mzima, katikati ya wapita njia.

Yule baba hakufoka. Alitua gunia, akamwinua, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mke wangu umemwambia?"

Mama Haki hakujua kwamba mke alikwisha kurudi kwa wazazi wake, mwezi ule ule wa vitunguu. Umaskini angeuvumilia. Alimwambia mumewe, "Mama Haki hawezi kukosea. Kiri tu kwamba ulipunja, nitakusamehe." Mume akakataa kukiri asilolifanya, na nyumba ikavunjika.

"Kwa jina langu!" anasema Mama Haki, mkono kifuani. "Jina langu ndilo lililomtoa yule binti kwa mumewe!"

Jumapili hii anakwenda kwa wazazi wa binti huyo. Atabeba jiwe, mizani na sukari, apime mbele ya ukoo mzima. Shemeji ameapa kumsindikiza. Anachotaka ni kimoja, mke arudi kwa mume wake. Tangu juzi hajalala vizuri.

"Nilipokuwa nimekosea, yule binti aliniamini papo hapo, hakuuliza hata swali," anasema. "Sasa nampelekea ukweli, na sijui kama atanifungulia mlango."