Ukurasa Aliouruka Sekake

Mama 'Mapuleng alikuwa mwalimu wa sekondari moja huko juu milimani, Thaba-Tseka, na kwa miaka tisa alifundisha somo la heshima kati ya wavulana na wasichana. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwaka uliotangulia wasichana wawili wa shule walikamatwa njiani, wakabebwa mzobemzobe hadi majumbani mwa watu, wakafanywa wake. Ng'ombe wakaletwa, wazee wakala nyama, yakaisha. Basi akaandika ukurasa mmoja kwa mkono wake katika daftari la somo: kumnyakua msichana ni kosa, na aliyenyakuliwa ana haki ya kurudi kwao hata kama amelala huko. Akaapa vijana watausikia kabla ya Pasaka.

Shule ilipofunguliwa Januari, vijana saba wa kidato cha tatu walirudi kutoka jandoni mlimani, wamejitanda blanketi, wana majina mapya. Alipoingia darasani wakageuza viti, wakatazama ukuta.

"Motlatsi," akaita.

"Motlatsi alibaki mlimani," kijana akajibu bila kugeuka. "Mwanamume hafundwi na mwanamke."

"Na ule ugali uliokuwa ukiula kwangu wakati wa theluji, alikusongea mwanamume gani?"

Darasa likaangua kicheko. Motlatsi akainuka, akatoka na wenzake sita, wakaegemea ukuta nje kuota jua. Ikawa hivyo kila kipindi. Na yeye, kwa ukaidi wake, akasema ukurasa ule hausomwi mpaka hao saba wawe ndani. Walengwa ni wao.

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka mkuu wa shule, mzee Phafoli, akamwita.

"Mama, mkaguzi anakuja Alhamisi. Akiwakuta vijana nje kama mijusi, nimwambie nini? Mpe mwalimu Sekake wa kilimo daftari lako. Yeye kapita jando, watamsikia."

"Sekake anafundisha kabichi."

"Basi atafundisha kabichi na heshima."

Hakupenda, lakini Pasaka ilikuwa mlangoni. Akampelekea Sekake daftari, akamwekea kidole kwenye ukurasa wenyewe.

"Mengine soma upendavyo. Huu usiuache."

"Sitauacha, dada."

Alhamisi Mama 'Mapuleng akatumwa kumwandalia mkaguzi chai, akasikiliza akiwa chumba cha pili. Vijana walitulia tuli kama wako mbele ya chifu. Sekake akasoma habari ya kugawana kazi za nyumbani, akasoma kutotukanana, akafunga daftari. Mkaguzi akampa mkono. Wanaume wa namna hii ni adimu, alisema, akaandika jina lake kwa ajili ya semina ya Maseru, mji mkuu.

Mama 'Mapuleng akamkamata Sekake kwenye veranda.

"Ukurasa wangu uko wapi?"

"Ule unagusa mila, dada. Wangenigeuzia viti na mimi. Tuufanye wakirudi kutoka likizo."

"Wakirudi."

"Haraka haraka haina baraka."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu.

Shule ilipofunguliwa, Limpho wa kidato cha tatu hakuwapo. Alinyakuliwa Jumatatu ya Pasaka, akitoka kusaga mahindi. Mnyakuzi ni mmoja wa wale saba. Baba wa kijana huyo keshatoa ng'ombe sita, na Limpho anateka maji kwa mama mkwe.

Mama 'Mapuleng hakumwomba mtu ruhusa. Akachukua daftari mezani kwa Sekake, akaingia darasani, akasoma. Vijana wakatoka kwa desturi yao. Akapaza sauti ipite dirishani, akasoma mpaka mwisho, jasho likimtoka.

Msichana mmoja, Thakane, jirani yake Limpho, akainua mkono.

"Mama, hapo pa kurudi nyumbani. Limpho alikuwa anapajua?"

"Hapana."

"Alikaa siku mbili akilia, halafu akanyamaza. Aliniambia keshalala huko, kwao hawamtaki tena." Thakane alikuwa anachora dawati kwa kucha. "Wavulana walikuwa nje tangu Januari, mama. Sisi tulikuwa humu ndani. Mbona hukutusomea sisi?"

Mama 'Mapuleng akaliweka daftari wazi juu ya meza. Wasichana kumi na tisa walimngoja. Nje, mtu alicheka.

"Fungueni madaftari," akasema. "Nakilini ukurasa wote."

Thakane hakufungua lake.