Sikio la Oyugi

Kwa miaka ishirini Oyugi aliitwa Sikio. Ukiingia Kaloleni na gari linalovuma, watu hawakukwambia utafute fundi, walikwambia umtafute Sikio. Alilipiga jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono, akafumba macho, kisha akataja ni beringi ya gurudumu lipi iliyokufa. Kujisifu alijisifu, tena bila kuombwa. Nabwire, fundi mwenzake wa kibanda kimoja, yeye alikuwa na zoea la kushika springi iliyo nyuma ya gurudumu huku likizunguka, apate mkwaruzo wa beringi mbovu kwa kiganja. Oyugi alimcheka mbele ya wateja, akamwita daktari wa kupapasa.

Basi tangu mwaka jana sikio lenyewe lilikuwa limemtupa mkono. Nyundo za miaka yote hiyo zilikuwa zimelimaliza. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Aliendelea kufumba macho vilevile, akibahatisha.

Wiki iliyopita Maryanne, mama anayeleta mchele kutoka Ahero, alimletea gari linalovuma mbele. Oyugi akazungusha magurudumu, akafumba macho, akatangaza ni kushoto. Akang'oa beringi, akagongea mpya, akazungusha tena na kusema sasa limetulia.

Leo Maryanne amerudi. Mvumo uko palepale, tena umezidi, na usukani umeanza kutetemeka. Oyugi angeweza kusingizia tairi, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alijua mama huyu angemwamini, angepakia magunia na kurudi barabara kuu na gurudumu linalotaka kuchomoka.

Akapiga jeki upande wa kulia. Akazungusha, akasikiliza, hakupata kitu. Ndipo, Nabwire akimtazama, akapitisha mkono juu ya tairi kwa ndani, akashika springi. Mkwaruzo ukamjaa kiganjani kama mchele wenye mawe. Uso ulimwaka kwa aibu. Ile beringi ya kushoto aliyoitupa ilikuwa nzima.

Aliinuka, akashindwa kumtazama mteja wake.

"Mama, ilikuwa hii ya kulia," alisema. "Mimi siku hizi sisikii vizuri. Nilikudanganya."

 Maryanne akamsogelea na kupaza sauti, na kibanda kizima kikasikia.

"Kumbe ni hivyo? Jumapili nilikuita mara tatu pale Otonglo, ukanipita tu. Nikasema huyu ameniona, anaona aibu juu ya gari yangu."

 Jumapili Oyugi alikuwa akitembea roho safi, hana habari, hana hata hiyo aibu aliyodhaniwa kuwa nayo.

Akamgeukia Nabwire, akamwomba aje ashike springi ya kushoto pia, kwa kuwa beringi ile mpya aliigonga kwa nyundo, huenda akaiumiza, na hakuiamini tena. Nabwire alifuta mikono, akapiga magoti, akazungusha gurudumu. Hakumcheka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Oyugi kuliko yote.